SOMO LA KIKUNDI: HITAJI LA LEO NA LENGO LA MWAKA



Somo hili ni la kusomwa pamoja. Anayesoma vizuri asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mnapofika kwenye maswali simameni mzungumze. Somo zima linachukua kama saa mbili. Mkiona ni refu, ligaweni: sehemu ya 1 mpaka ya 4 wiki hii, zinazobaki wiki ijayo. Mtahitaji daftari, kalamu, na punje 20 za maharagwe kwa kila mwanachama. Mume na mke wakija pamoja itakuwa vizuri zaidi, kila mmoja na punje zake.

Mwisho wa somo kila mmoja aweze:
- kueleza kwa nini pesa ya kila siku inaisha hata siku ikiwa nzuri;
- kugawa lengo la mwaka liwe deni dogo la kila wiki;
- kujiandaa kabla kazi yake haijabadilika.

1. KAZI ZA MPAKANI HAZIKAI MAHALI PAMOJA

Sisi wa Busia na Malaba tunakula kutoka mpakani, hata yule ambaye havuki. Mama wa mandazi, kijana wa bodaboda, mwenye vyumba vya kulala madereva, anayebadilisha pesa za Kenya na za Uganda, anayepakua magunia, mkulima anayeuza nyanya na mihogo sokoni, wote wanategemea watu na magari yanayopita. Na kazi hizi hubadilika bila kutuuliza.

Tuanze na bodaboda. Kazi hii ilianzia hapa kwetu Busia katika miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo, na msafiri mwenye mizigo alichoka. Wenye baiskeli wakaanza kuita "boda, boda", yaani mpakani, mpakani, neno walilolitoa kwenye Kiingereza. Leo jina hilo liko Kenya nzima, Uganda na Tanzania. Kwa zaidi ya miaka 40 baiskeli ililisha nyumba nyingi. Halafu, kufikia mwaka 2008, serikali ya Kenya ilikuwa imeondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na pikipiki zikafurika. Mwenye baiskeli hakuweza kushindana. Aliyekuwa na akiba aliweza kutafuta pikipiki yake mwenyewe. Asiyekuwa nayo, ama alirudi shambani, ama aliendesha ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni.

Sasa tazameni malori. Zamani lori lilifika Malaba au Busia, karatasi zikashughulikiwa upande wa Kenya, kisha zikaanza upya upande wa Uganda. Dereva na turnboi wake walilala hapa, wakala hapa, wakanyolewa hapa. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza utaratibu wa forodha moja, ambapo ushuru wa mzigo unaokwenda Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Siku hizi gari linalotoka Kenya hukaguliwa mara moja tu, upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja. Linalotoka Uganda hukaguliwa upande wetu.

Mabadiliko hayo ni mazuri kwa biashara ya nchi. Lakini yule mama aliyekuwa akiuza chakula kwa madereva wa foleni, na yule kijana aliyekuwa akikimbiza karatasi kutoka ofisi hadi ofisi, kila mmoja ilibidi ajiulize: mimi sasa nafanya nini?

Kuna pia mabadiliko yanayokuja ghafla. Januari 2008, baada ya uchaguzi, vurugu zilifunga barabara na mizigo ya Uganda ikakwama njiani. Machi 2020, kwa sababu ya korona, wasafiri wa kawaida walikatazwa kuvuka. Malori yaliruhusiwa, lakini madereva walisubiri kupimwa, na foleni ya Malaba ikafika makumi ya kilomita. Mwenye biashara ndogo ya kuvusha mayai au mitumba alikaa nyumbani miezi kadhaa.

Kazi ya mpakani ni kama Mto Malaba: unajaa, unapungua. Hatuwezi kuuamrisha. Tunachoweza ni kujua tutafanya nini ukijaa, ili ukipungua tusikauke pamoja nao.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Ni kazi gani hapa kwetu iliyokuwa na nguvu miaka 10 iliyopita na leo imepungua?
(b) Wale waliokuwa wakiifanya walienda wapi? Nani alijitayarisha mapema, na kwa njia gani?

2. YALIYOONEKANA KWA WATU WA HAPA HAPA

Wengi wetu tunakumbuka vijana waliopita vijijini na karatasi za maswali. Tangu miaka ya 1990 wachumi wengi wamefanya utafiti Busia, wengine wakishirikiana na shirika la ICS lililokuwa na kazi zake hapa. Mmoja wao, Michael Kremer, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Ni vizuri yale yaliyoonekana kwetu yarudi kwetu. Tutataja manne.

La kwanza: waendesha baiskeli. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, pamoja na wenzao, waliwapa waendesha boda wa baiskeli madaftari ya kujaza kila siku: umepata ngapi, umefanya kazi saa ngapi, na leo ulikuwa unahitaji pesa ya nini. Ikaonekana kwamba wengi huamka na hitaji la siku hiyo. Labda ni ada, labda ni mchango wa chama, labda ni dawa ya mtoto. Siku yenye hitaji kubwa mtu hukaza zaidi. Akishafikisha kiasi alichokuwa akikihitaji, ni rahisi zaidi aache kazi aende zake.

Msiseme haraka kwamba huo ni uvivu. Kupanda kilima na mtu nyuma ya baiskeli ni kazi ngumu, na hitaji ndilo linalompa mtu nguvu ya kuendelea. Shauku tunayo. Shida ni kwamba unga wa leo unatupa nguvu leo, lakini bati za mwaka ujao hazitupi nguvu leo. Haziko kwenye orodha ya asubuhi.

La pili: akina mama wa soko. Watafiti hao hao waliwafungulia wafanyabiashara wadogo wa Bumala akaunti za akiba katika benki ya kijiji, bila ada ya kufungua. Kazi hiyo ilianza mwaka 2006. Akaunti haikutoa riba, tena kutoa pesa kulikuwa na makato. Hata hivyo akina mama wengi wa soko waliitumia. Waliweka zaidi, wakaongeza mtaji wa biashara, na wakaweza kutumia zaidi kwa mahitaji yao wenyewe. Kwa wanaume wa baiskeli, mabadiliko hayakuonekana. Akina baba, hapo tujiulize.

La tatu: sanduku. Katika vikundi vya merigoraundi vya Magharibi mwa Kenya, wanachama wengine walipewa sanduku dogo la chuma lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukakaa kwa afisa wa mradi. Wengine waliweka mfuko wa afya ndani ya kikundi, wakichanga kila mkutano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Aliyekuwa na sanduku na ufunguo wake alitumia karibu theluthi mbili zaidi kwa vitu vya kujikinga na magonjwa, kama chandarua. Waliokuwa na mfuko wa afya wa kikundi walizidi mara mbili. Lakini sanduku ambalo ufunguo wake ulikaa mbali halikusaidia sana kwa jambo hilo, kwa sababu mtu huogopa kufungia pesa mahali ambapo mtoto akiugua usiku hawezi kuifikia.

La nne: mbolea. Wakulima wa Busia walijua mbolea inasaidia, na wengi walisema watanunua. Msimu wa kupanda ulipofika pesa ya mavuno ilikuwa imekwisha. Ndipo Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walipojaribu kuwauzia mbolea mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mkononi, kwa ahadi kwamba italetwa hadi nyumbani bila malipo ya usafiri. Wakulima zaidi wakatumia mbolea.

Ukiyaweka manne haya pamoja unapata neno moja: pesa isiyo na kazi wala mahali pa kukaa huliwa na jambo la kwanza linalobisha mlango. Na lengo la mwaka lisipogeuzwa kuwa hitaji la leo, litabaki kuwa maneno.

3. TUPIGE HESABU

Namba hizi ni za mfano wa kufundishia. Nyinyi wekeni zenu.

Kijana anaendesha pikipiki ya mtu. Siku ya kawaida anapata shilingi 1,000. Petroli 300, hesabu ya mwenye pikipiki 300. Anabaki na 400. Nyumbani panataka 300, chai na chakula chake 100. Kwa hivyo kila asubuhi anatoka akitafuta 400.

Siku ya soko abiria ni wengi. Saa nane mchana ameshapata 400 yake, anaegesha pikipiki, anakaa na wenzake. Siku ya mvua abiria hakuna. Anazunguka mpaka saa tatu usiku, anachoma petroli, anarudi na 100. Hizo 300 zilizopungua anakopa dukani au kwa simu.

Mnaona jambo hapo? Siku yenye pesa ndiyo anayoifupisha. Siku isiyo na pesa ndiyo anayoirefusha. Akibadilisha tu, siku mbili nzuri za wiki akaongeza saa mbili mbili, na siku mbaya akarudi mapema, saa za kazi kwa wiki ni zile zile. Kama kila siku nzuri inaongeza 200, hiyo ni 400 kwa wiki. Katika muhula wa wiki 13 ni shilingi 5,200. Tena amepunguza kuendesha usiku, ambako ajali ni nyingi, na amepata jioni za kukaa na watoto. Bwana hakutuumba tujiue na kazi. Kupumzika ni haki, lakini tuchague siku ya kupumzikia.

Jambo la pili ni matumizi madogo. Soda, kredo, sigara, kubeti mechi kwa simu. Kila moja peke yake haionekani. Shilingi 50 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 1,300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 15,600. Hatusemi mtu asinywe soda. Tunasema ajue ameinunua kwa bei gani.

Zoezi la maharagwe: Chora duara saba chini: chakula, shule, afya, mtaji wa biashara au shamba, kanisa na matanga, mambo yangu mwenyewe, na lengo la mwaka. Punje 20 ni pesa yote ya wiki iliyopita. Kila mtu aweke punje zake kama alivyotumia, asiweke kama anavyotamani. Mume na mke wafanye mbali mbali, kisha walinganishe. Baadaye punje tatu zihamishwe. Mtazitoa wapi, na mtazipeleka wapi?

4. IGIZO FUPI

Watu wawili wasimame mbele wacheze. Mke anauza nyanya, mume ni wa bodaboda.

MKE: Baba watoto, leo umerudi mapema. Kwema?
MUME: Kwema, mama. Leo kulikuwa kuzuri. Saa nane nilikuwa nimemaliza hesabu ya mwenye pikipiki na mia nne yangu niko nayo. Nikasema basi.
MKE: Na jana ulirudi saa tatu usiku na shilingi mia.
MUME: Jana kulikuwa kubaya, ndiyo nikang'ang'ana.
MKE: Mimi nauliza tu. Siku samaki wanaingia, wavu tunautoa majini. Siku hawapo, tunakesha ziwani. Hata wavuvi wa Sio Port wangetucheka.
MUME: (anacheka) Na wewe je? Juzi nyanya ziliisha saa sita, wateja wakaenda kwa jirani. Si ungeongeza debe lingine?
MKE: Ningeongeza na nini? Pesa ya debe la pili nilimpa mtoto wa shangazi. Alikuja na shida yake pale pale sokoni.
MUME: Ungemwambia hakuna.
MKE: Na anaona kitambaa kimefura? Ningekuwa nimemdanganya. Lakini ingekuwa kwa sanduku la kikundi, ningemwambia ukweli: mwanangu, pesa iko, lakini mpaka Alhamisi sanduku halifunguliwi.
MUME: Hapo umesema. Basi hata hizi zangu za siku ya soko tuzipeleke huko kabla hazijasikia njaa yangu.

Maswali: Kuna ubaya kumsaidia mtoto wa shangazi? Mtu wa ukoo akija na shida ya kweli, nyumba isaidie kutoka fungu gani? Tunawezaje kusaidia bila kuua mtaji?

5. HATUA TANO ZA NYUMBANI NA ZA KIKUNDI

Hatua ya 1. Taja lengo moja, bei yake na tarehe yake. "Nataka maendeleo" si lengo. "Nataka shilingi 18,200 za bati kufikia Desemba ijayo" ni lengo. Mume na mke wakubaliane moja la nyumba. Kila mmoja anaweza kuwa na lake dogo pia, na mwenzake aliheshimu.

Hatua ya 2. Ligawe kwa wiki. 18,200 kwa wiki 52 ni 350 kwa wiki. Kwa siku sita za kazi ni kama 60 kwa siku. Sasa mwendesha pikipiki wetu asubuhi hatafuti 400 tena, anatafuta 460. Hapo lengo la mwaka limeingia kwenye orodha ya leo, pamoja na unga na mafuta ya taa.

Hatua ya 3. Gawa pesa siku inapoingia. Kwanza fungu la lengo, pili mtaji wa kesho, halafu nyumbani, na mwisho mambo mengine. Wengi tunafanya kinyume: tunatumia kwanza, tunaweka kinachobaki, na hakibaki kitu. Mkulima naye asisubiri mwezi wa kupanda. Akiuza mahindi, soya au tumbaku, mbegu na mbolea zinunuliwe au zilipiwe wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Kila pesa iwe na nyumba yake. Ya ugonjwa wa ghafla ikae karibu, ufunguo nyumbani. Ya lengo ikae mbali kidogo, kwenye kikundi, ambako si rahisi kuichukua kwa hamu ya saa moja. Kikundi kinaweza kutumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zishikwe na watu watatu wasiolala nyumba moja. Utaratibu wa vikundi vya hisa vya namna hii ulianza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika. Pesa zihesabiwe mbele ya wote na kiasi kisomwe kwa sauti, kila mtu akariri. Ongezeni mfuko wa afya, hata wa shilingi 20 kila mkutano.

Hatua ya 5. Kaeni chini mara moja kwa mwezi. Mume, mke, na watoto wakubwa. Angalieni daftari: tuliahidi nini, tumefanya nini, kazi imebadilika wapi. Msigombane juu ya yaliyopita. Rekebisheni mwezi unaokuja.

6. TAHADHARI JUU YA MIKOPO

Mkopo si adui. Adui ni mkopo wa kula. Ukikopa kununua magunia mawili ya mahindi na umeshajua mnunuzi, mkopo umekufanyia kazi. Ukikopa kujaza pengo la jana, kesho pengo ni kubwa zaidi.

Simu imerahisisha mambo tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007. M-Shwari ilikuja Novemba 2012, na ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana kidogo. Tuhesabu. Ukikopa 2,000 unalipa 150 juu. Ukikopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 1,800 za ada, na ile 2,000 bado unadaiwa. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilitoza asilimia 8 kwa mwaka, mkopo wa siku 14, na asilimia 5 ya mkopo ikawekwa akiba. Riba ni nafuu, lakini siku 14 ni chache. Mkulima wa mihogo hawezi kulipa kwa siku 14 kutoka shambani. Kwa hivyo usiangalie riba peke yake, angalia pia kama siku za kulipa zinalingana na siku ambazo kazi yako inaleta pesa.

Na vikundi vyetu tusijisifu. Vikundi vingi hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo ni 200 kwa mkopo wa 2,000, kuliko ile ya simu ilivyoanza. Tofauti ni kwamba faida inarudi kwa wanachama mnapogawana mwisho wa mwaka. Hata hivyo, mwanachama maskini anayekopa kila mara ndiye anayemlipa yule anayeweka bila kukopa. Lizungumzeni jambo hili waziwazi. Kikundi cha Kikristo hakifai kutajirika kwa jasho la mwanachama aliye chini kabisa.

7. KAZI INAPOBADILIKA

Fanyeni zoezi hili. Kila mwanachama ataje njia zote zinazoleta pesa nyumbani kwake. Mbele ya kila njia aandike inategemea nini: foleni ya malori, watu kuvuka, barabara, mvua, au mshahara wa mtu. Nyumba ambayo njia zake zote zinategemea kitu kimoja iko hatarini. Mume wa bodaboda na mke wa chakula cha madereva ni kazi mbili, lakini foleni ni moja. Korona ilitufundisha hilo mwaka 2020.

Yako mambo matatu ya kufanya mapema.

Kwanza, akiba ya mwezi mmoja wa chakula, kwa pesa au kwa nafaka ghalani. Mtu mwenye akiba hiyo hauzi pikipiki wala ng'ombe kwa bei ya hasara wiki ya kwanza ya shida. Anapata nafasi ya kufikiri.

Pili, mguu wa pili. Usiache kazi ya kwanza. Anza nyingine ndogo isiyotegemea foleni: kuku, miche, mboga za kienyeji, cherehani, ufundi wa pikipiki. Jaribu kwa pesa ambayo ukiipoteza hutalala njaa. Kijana aliye na nguvu leo akumbuke mgongo wake utachoka. Kujifunza kutengeneza pikipiki ukiwa bado unaiendesha ni rahisi kuliko kujifunza ukiwa umeumia.

Tatu, jua sheria zinazokusaidia. Mama anayevusha bidhaa za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti rahisi cha mahali bidhaa ilipotoka, pale pale kwa maafisa wa forodha mpakani. Akiwa nacho hatozwi ushuru wa forodha. Cheti hakiondoi masharti mengine, kama ukaguzi wa mimea na mifugo, kwa hivyo ulizeni kabla ya kununua. Wengine hupita njia za panya kwa kuogopa ofisi tu. Huko ndiko bidhaa hunyang'anywa, na mwanamke hudhulumiwa bila mtu wa kumtetea. Kikundi kitume watu wawili waende ofisini waulize, warudi watufundishe.

8. NENO LA MUNGU

Someni Luka 14:28-30. Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo alipaswa kufanya nini kabla ya kuweka msingi? Hapa kwetu kuna misingi mingapi iliyoota nyasi?

Someni pia Mwanzo 41:46-57. Yusufu hakuzuia njaa isije. Alifanya kazi katika miaka ya shibe, akaweka nafaka katika kila mji, karibu na watu wake. Njaa ilipofika, wake waliishi na hata majirani wakapata. Kwetu sisi siku ya soko ndiyo mwaka wa shibe.

9. KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao:
- Kila mwanachama aandike kwa siku saba: nimepata ngapi, nimetumia kwa nini, nimefanya kazi saa ngapi. Asiyejua kuandika mtoto wake amsaidie.
- Atie alama siku iliyokuwa nzuri zaidi, na saa aliyoacha kazi siku hiyo.
- Kila nyumba ije na lengo moja, bei yake, na kiasi cha kila wiki.
- Kikundi kiamue kama kitaanza mfuko wa afya, na nani watashika funguo tatu.

Mkutano ujao anzeni na madaftari hayo kabla ya jambo lingine lolote. Msimcheke aliyeshindwa kuandika siku zote saba. Aliyeandika tatu ameanza. Yule ambaye kazi yake imepungua mwaka huu mpeni nafasi ya kusema kwanza, kisha kikundi kimsaidie kuhesabu mguu wake wa pili utagharimu ngapi.

Bwana abariki kazi za mikono yenu.